Kabla Hujafungua Tyubu: Kuisoma Ngozi Inayoumwa, Hatua kwa Hatua

Nyumba nyingi nilizoingia kwa kazi ya uuguzi hapa Kigoma, kuanzia Ujiji mpaka Kibirizi, zina mfuko wa nailoni unaoning'inia kwenye msumari karibu na kitanda. Ndani yake mna tyubu tatu au nne zilizominywa katikati, moja haina kifuniko, nyingine jina limefutika. Mama wa nyumba hukueleza kwa nia njema kabisa: "Hii ilimsaidia mdogo wake, ndiyo nikampaka na huyu." Mdogo alikuwa na choa. Huyu ana upele.

Krimu hizo za mchanganyiko mara nyingi huwa na vitu vitatu: dawa ya fangasi, dawa ya bakteria na steroidi. Hiyo ya tatu ndiyo inayopendwa, ingawa wengi hawaijui kwa jina, kwa sababu inakata muwasho ndani ya siku moja au mbili. Lakini kama chini yake kuna fangasi, steroidi inaipa nafasi ya kutambaa huku ikifuta ule ukingo ambao ungetuonyesha kuwa ni fangasi. Kama ni upele, wadudu wanaendelea kuzaana, ila mgonjwa hajikuni kama jana. Baada ya wiki sita anafika zahanati na ngozi isiyofanana na ugonjwa wowote. Ndiyo maana hatua zinazofuata zote ni za kufanya kabla mtu hajapaka kitu. Hazimgeuzi yeyote kuwa daktari. Zinakuwezesha kujua lipi ulishughulikie nyumbani, lipi ulipeleke zahanati wiki hii, na lipi ulikimbize usiku huu huu.

Hatua ya kwanza: mtoe kwenye mwanga, umfute mafuta

Taa ya chumbani inadanganya, na tochi ya simu inadanganya zaidi kwa kuwa inang'arisha kila kitu. Angalia mchana, mlangoni au dirishani, mwanga ukija kwa ubavuni. Huo ndio unaoonyesha kilichoinuka na kilichobonyea. Kama mgonjwa amejipaka mafuta ya mise (kokwa za mchikichi) au ya mgando, aoge kwa sabuni kwanza, ngozi ikauke ndipo uangalie. Kwetu mtoto hapelekwi kwa watu bila kupakwa mafuta akang'aa, na ni jambo la heshima, ila mafuta hulaza magamba yote, na magamba ni nusu ya habari.

Halafu avue. Mtoto mdogo mvue kila kitu. Mtu mzima mtafutie faragha, na ikiwezekana aangaliwe na wa jinsia yake. Wagonjwa wengi huonyesha mkono kwa sababu mkono hauna aibu, kumbe jibu liko kiunoni. "Baba, samahani, naomba tuone na mgongo" ni sentensi fupi sana. Nitaeleza mbele gharama niliyoilipa, au tuseme aliyoilipa mtu mwingine, siku nilipoacha kuisema.

Kuna jambo ambalo picha nyingi za mtandaoni haziwatendei haki watu weusi. Maelezo yanasema "ngozi huwa nyekundu." Kwenye ngozi zetu wekundu huo hugeuka zambarau, kahawia iliyokolea, au rangi ya majivu, na mara nyingine hauonekani kabisa. Kwa hiyo usitafute wekundu. Linganisha na sehemu ileile ya upande wa pili: goti kwa goti, shavu kwa shavu. Weka mgongo wa kiganja chako usikie joto. Vipele vya surua kwa mtoto mweusi wakati mwingine unavisikia kwa kidole kabla jicho halijaviona.

Hatua ya pili: uliza, mikono ikiwa bado mapajani

Ilianza lini, na wapi kwanza? Inawasha, inauma, au haina habari kabisa? Usiku inakuwaje? Nani mwingine hapa nyumbani anajikuna? Umepaka au umemeza nini mwezi huu, pamoja na dawa za kienyeji?

Swali la nne ndilo linalonipa majibu mengi kuliko darubini. Nyumba nzima ikijikuna usiku, nina jina tayari. La tano watu hulijibu nusu: watataja dawa ya hospitali wakaacha mkorogo wa kujichubua, au watataja majani wakaacha vidonge vya salfa walivyonunua dukani. Uliza mara mbili, kwa upole, bila kukunja uso.

Hatua ya tatu: angalia ilipokaa

Magonjwa ya ngozi yana makazi yake kama wavuvi walivyo na mialo yao. Katikati ya vidole, kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono, kwapani, kiunoni, matakoni na sehemu za siri ni nyumba ya upele. Mikunjo ya ndani ya viwiko na nyuma ya magoti kwa mtoto ni nyumba ya ukurutu. Kifua, shingo na mabega yanayotoka jasho, utangotango. Kichwa cha mtoto wa shule, mapunye. Upande mmoja tu wa mwili, ukifuata mstari kama mkanda, ni mkanda wa jeshi. Vipele vya viganjani na nyayoni kwa mtu mzima, hasa visivyowasha, vinahitaji kipimo cha kaswende, na siku hizi pia swali la homa ya nyani (mpox).

Hatua ya nne: pitisha kidole, kisha ukucha

Funga macho kama inakusaidia, mimi hufanya hivyo. Kidole kinakwambia kama ukingo umeinuka, kama kuna kinundu ndani, kama kuna joto. Kisha kwaruza taratibu kwa ukucha: ukitoka unga mwembamba kama wa muhogo, kumbuka hilo, tutalihitaji kwenye mabaka meupe. Nawa mikono kwa sabuni ukimaliza. Kama kuna malengelenge au majimaji, usiguse bila glavu.

Hapo sasa tunaweza kutaja majina.

Upele

Huu ndio mwingi kuliko yote niliyoyaona mwambaoni. Unaletwa na mdudu mdogo ambaye hafiki nusu milimita. Jike lake huchimba kijia ndani ya ngozi na kutaga humo. Ukiangalia vizuri katikati ya vidole utaona vijistari vyembamba, vimepinda kidogo, kama mtu aliyejaribu kalamu ya risasi. Pembeni kuna vipele vidogo na alama za kucha. Muwasho hupamba moto usiku, mtu akishajifunika. Kwa mtoto mchanga mambo hubadilika: upele hushika hadi viganja, nyayo na kichwa.

Kambi za wavuvi wa dagaa zinaupenda upele kuliko sehemu yoyote. Watu wanarudi alfajiri, wanalala mchana wakipokezana mkeka na shuka. Mtu anayeupata mara ya kwanza anaweza kukaa wiki nne mpaka sita bila kuwashwa, huku tayari anawagawia wenzake. Akija kuupata tena siku nyingine, muwasho huanza ndani ya siku chache tu. Kwa hiyo yule "asiye na kitu" nyumbani naye anatibiwa.

Kosa kubwa ni kumtibu mmoja. Dawa iliyozoeleka ni BBE (benzili benzoeti) ya kupaka, ile nyeupe kama maziwa. Watu wote wa nyumba hupaka siku moja, jioni, baada ya kuoga na kukauka, kuanzia shingoni kwenda chini mpaka chini ya kucha na katikati ya matako. Inakaa mwilini saa 24, na ukinawa mikono rudia kupaka mikono. Kwa watoto wadogo dawa hiyo huzimuliwa kwa maji kwanza, na kiasi akuambie mhudumu wa zahanati kufuatana na umri, maana inachoma. Wajawazito na watoto wachanga wasipakwe bila kuulizwa. Nguo, shuka na kanga za siku tatu zilizopita zifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Blanketi lisilofulika lifunge ndani ya mfuko wa plastiki siku nne au tano. Mdudu huyu akikosa mwili wa mtu, siku tatu ni nyingi kwake.

Muwasho ukiendelea wiki mbili mpaka nne baada ya tiba, usirudie dawa kila siku kwa hasira. Wadudu wamekufa, ngozi bado inapigana na mabaki yao. Vipele vipya vikichipuka baada ya hapo, kuna mtu hakupaka. Mtafute. Mara nyingi ni baba aliyekuwa ziwani.

Choa na mapunye

Choa ni rahisi kukitambua kikiwa hakijachezewa: duara, ukingo umeinuka na una magamba, katikati panaonekana pamepona. Kinakua kama wimbi linalokwenda nje. Ukingo ndio ulio hai, kwa hiyo dawa ipakwe mpaka sentimita mbili nje ya ukingo, mara mbili kwa siku, na iendelee wiki moja au mbili baada ya kuona pamepona. Klotrimazoli tupu inatosha, au ile marhamu ya zamani ya Whitfield ambayo zahanati nyingi bado zinayo na bei yake ni nafuu. Nasema "tupu" kwa makusudi. Soma kwenye boksi: ukiona betamethasoni au klobetasoli, hizo ni steroidi, rudisha.

Mapunye ya kichwani, ambayo wengine huita mashilingi kwa jinsi yalivyo mviringo, ni jambo jingine. Nywele hukatika, pakabaki magamba ya kijivu na wakati mwingine vidoti vyeusi vya mashina ya nywele. Hapa krimu haifiki, kwa sababu fangasi imeingia kwenye shina la unywele. Mtoto anahitaji vidonge, griseofulvini kwa wiki sita mpaka nane kwa kawaida, kwa kipimo cha uzito wake. Nimeona akina mama wakipaka mafuta ya taa, majivu ya betri, na kitu fulani cha rangi ya bluu ambacho sikukitambua. Na tafadhali, mashine ya kinyozi isafishwe kwa spiriti kati ya mtoto na mtoto, hasa wiki ile ya kufungua shule.

Mabaka meupe, na kipande cha pamba

Hapa naomba usome polepole.

Mabaka yaliyopauka kuliko ngozi yana ndugu wengi. Utangotango huwa mabaka mengi madogo ya kifuani na mgongoni, yanaungana kama ramani ya visiwa, na ukikwaruza kwa ukucha unatoka unga laini. Hauumi, hauambukizi kirahisi, na hata baada ya dawa rangi huchukua miezi kurudi, kwa hiyo mtu asiseme dawa imeshindwa. Mtoto mwenye mashavu yaliyopauka na makavu kidogo, watu husema ana minyoo; siyo, ni ngozi kavu yenye asili ya ukurutu, apakwe mafuta tu na aachwe. Mbalanga ni nyeupe kabisa kama maziwa, haina magamba, hupenda midomo, vidole na karibu na macho. Haiambukizi hata kidogo, na wanaoikimbia wanamwonea mwenzao bure.

Halafu kuna ukoma. Baka lake limepauka, au lina rangi ya shaba, halichomi wala haliwashi, na ndani yake kuna ganzi. Linaweza kuwa kavu, halitoi jasho, vinyweleo vimepungua. Mtu anaweza kukaa nalo miaka kwa sababu halimsumbui. Tangu vimelea viingie mpaka dalili zionekane hupita wastani wa miaka mitano, na inaweza kufika hata 20.

Mvuvi mmoja alinijia zahanati moja ya mwambaoni, baka moja kwenye mkono wa kushoto. Nilikuwa na foleni ya akina mama wa kliniki mpaka nje. Nikaliangalia nikiwa nimekaa upande wa pili wa meza, nikasema utangotango, nikampa tyubu. Akarudi baada ya miezi miwili, nikampa nyingine. Akarudi tena, nikampa ya tatu. Karibu mwaka ulikuwa umepita alipokuja mara ya nne, kidole chake cha mwisho kimefungwa kitambaa. Alikuwa ameshika kioo cha karabai usiku, ndani ya mtumbwi. Akaniambia: "Sista, nimesikia harufu ya ngozi yangu kabla sijasikia moto."

Siku hiyo ndiyo nikamwambia avue shati. Mgongoni alikuwa na mabaka saba ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuyaona, na mimi sikuwahi kuyatafuta.

Kipimo chenyewe cha ganzi ni cha dakika mbili. Chukua pamba, ivute ncha iwe nyembamba kama kidomo cha ndege. Mwonyeshe mgonjwa macho yakiwa wazi: ukiguswa hapa, gusa kwa kidole mahali hapo hapo. Afumbe macho. Gusa kwanza ngozi isiyo na baka, kisha katikati ya baka, kisha ukingoni, bila mpangilio. Gusa tu, usiburuze. Usiulize "umesikia?" kwa sababu watu wa kwetu ni wastaarabu, atakujibu "ndiyo" ili usihangaike. Aonyeshe kwa kidole. Akikosa kwenye baka mara kadhaa na kwingine anapatia, mpeleke zahanati, haraka lakini bila kelele. Usitumie sindano wala mwiba, na kwa baka la usoni usikiamini kipimo hiki, kwani uso una mishipa mingi ya fahamu na ganzi yake hujificha.

Angalia na mengine: masikio yaliyonenepa na kuwa na vinundu, nyusi zinazopukutika upande wa nje, kidole cha mwisho kisicho na nguvu ya kubana karatasi, jicho lisilofumba vizuri, mguu unaoburuza ncha. Nyuma ya kiwiko kuna mshipa wa fahamu ambao ukivimba unaushika kama kamba.

Ukoma unatibika. Dawa ni mchanganyiko wa rifampisini, dapsoni na klofazimini, miezi 6 kwa mwenye mabaka yasiyozidi matano, miezi 12 kwa mwenye zaidi ya hapo, na hutolewa bure. Baada ya kuanza dawa mgonjwa huacha kuambukiza upesi sana, kwa hiyo hakuna sababu ya kumtengea sahani. Klofazimini huifanya ngozi iwe nyeusi zaidi kwa muda. Mwambie mapema, maana wengi huacha dawa kwa sababu hiyo, hasa wasichana. Kinachobaki ni mishipa ya fahamu iliyokwishaharibika, hiyo dawa haiirudishi.

Malengelenge

Mkanda wa jeshi huanza kwa maumivu, kama moto au mshtuko wa umeme, siku mbili tatu kabla ya kitu chochote kuonekana. Ndipo yanatoka malengelenge yaliyosongamana upande mmoja wa kifua, kiuno au uso, na hayavuki mstari wa katikati. Nimewasikia watu wakisema mkanda ukikutana mbele na nyuma mtu anakufa. Hapana. Cha maana ni muda: dawa ya asaikloviri inafaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72, na malengelenge yakipanda kwenye paji la uso au ncha ya pua, jicho liko hatarini, nenda siku hiyo hiyo. Kwa kijana, kubali pia kupima virusi vya UKIMWI. Si hukumu, ni kwamba kinga ikishuka ugonjwa huu hupata mwanya.

Tetekuwanga huwasha, huanza kiwiliwili, na kwa mtoto mmoja utaona vipele vipya, malengelenge na makoko yote kwa pamoja. Homa ya nyani hutofautiana hapo: vipele vyake katika sehemu moja mara nyingi viko hatua moja, ni vigumu na vimebonyea katikati, hushika uso, viganja, nyayo au sehemu za siri, na mitoki ya shingoni au kinenani huvimba. Wakati mwingine huwa kipele kimoja tu. Shirika la Afya Duniani liliitangaza kuwa dharura Agosti 2024, na Tanzania ikathibitisha wagonjwa wake wa kwanza Machi 2025. Sisi tuna boti za Kalemie ya Kongo na Bujumbura ya Burundi zinazotia nanga hapa, kwa hiyo swali la safari ni swali la kawaida kabisa, na liulizwe kwa Mkigoma aliyekwenda na kurudi kama linavyoulizwa kwa mgeni. Ukishuku, mgonjwa akae chumba chake, asichangie kitanda wala taulo, na piga 199 ya Wizara ya Afya, ni bure.

Makoko ya rangi ya asali puani na mdomoni mwa mtoto ni bakteria. Yaloweke kwa maji ya uvuguvugu, yabanduliwe taratibu, mtoto akatwe kucha, apelekwe apate dawa. Wiki chache baadaye uso ukivimba asubuhi au mkojo ukiwa kama chai ya rangi, rudi haraka, figo zimeguswa.

Funza wa Kasulu na Kibondo hana haja ya maelezo marefu: doti jeusi katikati ya duara jeupe, pembeni ya kucha au kisiginoni. Nyongeza yangu ni moja: pini isipite mguu hadi mguu, na uulize chanjo ya pepopunda.

Visivyosubiri asubuhi

Mtu amemeza dawa, hasa zenye salfa, na ndani ya wiki chache ana homa, vidonda mdomoni, macho mekundu, na ngozi inayochubuka kama imemwagiwa maji ya moto. Aache dawa hiyo, abebe pakiti yake, aende hospitali usiku huo. Hili linaua.

Mguu uliovimba, una joto na unauma, na uvimbe unapanda. Chukua kalamu, chora mstari kwenye mpaka wake na uandike saa. Ukivuka mstari, hakuna cha kujadili.

Mtoto mwenye homa, kikohozi, macho mekundu na vipele vilivyoanzia nyuma ya masikio vikashuka: surua. Chanjo yake ni miezi 9 na miezi 18, na akikosa ya pili hesabu kama hajamaliza.

Mtoto aliyevimba miguu, nywele zimekuwa nyepesi na rangi ya kutu, ngozi inabanduka kama rangi ya zamani ukutani. Huyo hana ugonjwa wa ngozi. Ana utapiamlo mkali, na krimu haina kazi hapo.

Siyo ya usiku huo, lakini isipite wiki: kidonda kisichopona mwezi mzima, hasa kwa ndugu zetu wenye ualbino, usoni, masikioni, shingoni au mgongoni mwa mikono. Saratani ya ngozi kwao huanza kama kigaga kidogo. Wavae kofia pana na mikono mirefu, wapake kinga ya jua, wakaguliwe kila miezi michache. Na kwa watu weusi, baka jeusi linalokua unyayoni au chini ya ukucha, na kovu la zamani la moto lililofumuka na kuota nyama, viende hospitali. Vinundu vya zambarau miguuni au kwenye paa la kinywa, visivyouma, vivyo hivyo.

Kuhusu mkorogo

Sitaki ugomvi na wauzaji wa sokoni. Lakini mtu akipaka mkorogo, hatua zote nilizoeleza huharibika. Fangasi hutambaa bila ukingo, uso hutoka chunusi zisizo za umri wake, mapaja huchanika mistari, na mashavu hugeuka meusi ya bluu kwa sababu ya haidrokwinoni, weusi usiokwenda kwa sabuni yoyote. Anayetumia asikemewe, akikemewa atakataa kuwa anatumia, nawe utampa dawa ya ugonjwa asio nao.

Unapokwenda zahanati

Piga picha ya ngozi siku ya kwanza, kabla ya kitu chochote, mbili: moja ya mbali inayoonyesha ni sehemu gani ya mwili, moja ya karibu yenye sarafu ya shilingi 200 pembeni ili ukubwa ujulikane. Uso usionekane kama hauhusiki. Madaktari wa ngozi ni wachache. Maweni hapa Kigoma na Kitete kwa wenzetu wa Tabora ndizo hospitali za rufaa za mikoa, na kwa magumu zaidi kuna kituo cha magonjwa ya ngozi cha hospitali ya KCMC, Moshi, kilichoanza mwaka 1992. Rufaa huanzia zahanati, kwa hiyo usiiruke. Mweleze tabibu kwa mpangilio: ilianza lini, ilianzia wapi, nani mwingine anayo.

Na ule mfuko wa msumarini ubebe wote, usichague. Mvuvi yule, siku ya kidole, aliniletea tyubu zangu tatu. Alikuwa ameziweka kwa mpangilio, ya kwanza mpaka ya mwisho, zote zimekamuliwa mpaka tone la mwisho, kama nilivyomwagiza.